Mzee ni shahidi au ni hakimu? Kesi zetu ziishie barazani au ziende kortini?

Mleta mada, Likoni

Asalaam aleikum jamaa zangu. Mada hii kila nikiigusa nyumbani huzua kelele, basi nimeileta hapa tuizungumze kwa adabu. Wazee wetu, wawe wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), wa ukoo, wa mtaa au wa msikitini, tuwaachie kesi gani, na zipi tusiwaachie?

Wanaosema tuwaachie zote hushika Katiba ya 2010, kifungu cha 159, kinachozitaka mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro. Imeandikwa kweli. Lakini kifungu hichohicho kinaendelea kusema njia hizo zisivunje haki za msingi za mtu wala zisipingane na sheria. Hicho kipande cha pili sijawahi kukisikia kikisomwa barazani.

Mimi ni mtu wa Mtongwe. Nina mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu, na yote mawili yalikuwa mikononi mwa mzee mmoja.

La kwanza ni la mpaka. Mnajua mambo ya ardhi Mombasa: wengi tuna nyumba bila ardhi, ukuta ni wako, udongo ni wa mwenzio, nawe unalipa kodi ya kiwanja. Karatasi ikiwepo, iko kabatini kwa mtu anayeishi mbali. Habari ya nani alipanda mti gani iko kichwani mwa mzee. Koo mbili zilikuwa karibu kushikiana panga kwa ukanda usiozidi hatua nne. Mzee akaletwa ameshikwa mkono, macho yameshaingia ukungu. Akaomba apelekwe kisimani. Akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa kisima, akahesabu hatua kwenda mbele, akapotea, akarudi, akaanza upya. Mara ya tatu akasimama akapiga fimbo chini: "Chimbeni hapa." Vijana wakachimba, jembe likagonga kisiki cha mkorosho uliokatwa nikiwa mtoto, kimeoza nusu. Akasema, "Huu aliupanda babu yenu, na mimi ndiye niliyemshikia mche." Watu wakanyamaza. Jioni ile koo zote mbili zilikula wali sinia moja. Mpima ardhi mwenye bikoni zake, yale mawe ya kuwekea alama za mpaka, asingeweza hilo.

La pili lilikuja miaka miwili baadaye. Mkeka uleule, birika lilelile la kahawa. Binti wa jirani, yuko darasa la saba, alikuwa amepewa mimba na mtu mzima wa ukoo mwingine. Wazee walikaa tangu alasiri mpaka magharibi. Wakakubaliana pesa na mbuzi wawili, na jambo lifunikwe. Mama wa mtoto alikuwa jikoni akiwakaangia wageni kaimati, anasikia kila neno dirishani. Hakuulizwa kitu. Binti naye hakuulizwa. Nilikuwa nimesimama kando ya huyo mama. Alishika kijiko mkononi, kaimati zikawa nyeusi mafutani, na hakuziopoa.

Mzee yule si mtu mbaya. Kwenye mpaka alikuwa shahidi, alikuwepo, alishika mche. Kwenye kesi ya mtoto hakuwa ameona lolote, alikuwa anapima tu amani ya koo mbili. Rai yangu: mzee tumwendee kwa anachokijua. Kesi ya mtoto aliyedhulumiwa iende polisi na kortini siku hiyohiyo, na asiwepo mkubwa yeyote wa kuizuia.

Mchangiaji, Mji wa Kale

Dada, nakuheshimu, lakini wazee umewapa nusu ya haki yao. Mji huu kabla ya mkoloni uliendeshwa kwa mashauri: Taifa Tatu na Taifa Tisa, yaani makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, kila taifa na mkubwa wake. Leo mirathi ya marehemu babu yangu imekaa kortini miaka kumi na moja, na warithi watatu wamefariki wakingoja tarehe. Tena mahakama zenyewe zinawaamini wazee. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe, kwa kuwa familia mbili za Kisomali zilikuwa zimeelewana kwa mila zao na fidia imelipwa. Ikiwa mauaji yaliweza kusuluhishwa, sembuse mengine? Penye wazee haliharibiki neno.

Mchangiaji, Kaloleni

Ninyi wa mjini mnabishana mzee apewe kesi gani. Huku Kilifi mzee ndiye kesi. Mtoto akifa, ng'ombe akidondoka, kijana akikosa kazi, mwenye mvi anaitwa mchawi, na usiku wanakuja na panga. Nendeni Ganze, pale Kaya Godoma, muwaone wazee waliokimbia nyumba zao wakapewa hifadhi. Wengine waliotajwa ni wazazi wa haohao waliowataja. Kaya zetu UNESCO iliziandika urithi wa dunia mwaka 2008, na sisi wenyewe tunawaua wanaozijua.

Na ukichimba sana uchawi huuoni, unaliona shamba. Mzee ndiye anayejua mpaka, mzee ndiye anayekataa kuuza. Kumbukumbu anayoisifu dada wa Likoni ndiyo inayomletea mtu kifo.

Mchangiaji, Mikindani

Mimi ni Mkamba niliyezaliwa hapa Mikindani. Kulia kwangu Mjaluo, kushoto Mtaita, mbele Mgiriama. Mwezi jana tuligombana sote kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Sasa mzee wa nani atuamue? Wangu yuko Kitui na Mikindani haijui. Aliyepewa kazi ya uzee wa mtaa alitaka kwanza pesa ya soda kutoka kila nyumba. Aliyetukalisha chini ni mama mmoja muuza mahamri, mkongwe wa mtaa, ambaye hana cheo chochote.

Mleta mada, Likoni

Ami wa Mji wa Kale, kuhusu mirathi tuko pamoja. Wazee wakae kwanza, waelewane, iandikwe, ndipo ipelekwe kwa kadhi akaipitishe, kwa kuwa ndoa, talaka na mirathi za Waislamu Katiba imempa yeye. Miaka kumi na moja ni dhuluma. Lakini hiyo ya 2013 uitazame vizuri: ombi lililetwa na upande wa mashtaka, mbele ya jaji, mchana, na uamuzi uko kwenye rekodi mpaka leo. Ya Mtongwe ilifunikwa chini ya mkeka, na aliyedhulumiwa alikuwa hai, hatua kumi kutoka pale, angeweza kusema.

Na hao wazee wasioharibu neno, mbona kwetu wote wana ndevu? Mwaka 1913 aliyewalisha Wagiriama kiapo Kaya Fungo wasimtumikie Mwingereza ni Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane. Leo baraza letu halina hata bibi mmoja. Angekuwepo mmoja siku ile, jambo la kwanza angetoka kumwendea mtoto.

Kaka wa Kaloleni, umenikalisha kitako. Sikuwa nimeyaunganisha hayo mawili, na tangu jana usiku nayawaza. Nimesifu kitu kuwa kichwani mwa mtu mmoja, kumbe hapo ndipo hatari yake ilipo: akiondolewa yeye, mpaka umeondoka naye. Basi nabadilisha nililolisema. Mzee atoe ushahidi wake angali hai na mbele ya watu wengi, uchorwe, uandikwe, mashahidi watie sahihi, nakala zikae kwa chifu, msikitini na kwa kila ukoo, hata anayetamani shamba ajue kumuua mzee hakutampa kitu. Mzee wetu wa kisimani bado yuko. Jumamosi nakwenda kwake na daftari, mjukuu wake atatushikia kamba ya kupimia.

Nawe wa Mikindani, usituache njiani. Huyo mama wa mahamri aliwaambia nini kwanza alipowakalisha? Na mfereji mkaupitisha wapi?