Breki za Escudo, RAV4 na Prado kuukuu: tupeane uzoefu

MtuWaJangombe
Assalam alaykum jamaa. Escudo ya ami yangu ikikanyagwa breki inavuta kushoto, na rimu ya mbele upande huo ikitoka safari haishikiki kwa moto. Fundi mmoja kasema kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imekufa, inunuliwe nyengine, laki na nusu. Wa pili kasema pini zake tu. Wenye gari za zamani, Unguja na Pemba, yalikukuteni yepi na mlitoa ngapi?

BintiMkoani
Waalaykum salaam. Umenikumbusha msimu wa karafuu. Tumo ndani ya Prado ya kaka, tunatoka Chake kumuwahisha mama kwenye boti, mizigo nyuma mpaka dirishani. Njia mnaijua, hujamaliza kupanda ushaanza kushuka. Tangu Mtambile nasikia harufu kama kitambaa kinaungua, kaka anasema ni ya gari iliyo mbele yetu.

Tulipoanza kuteremka Mkoani kuelekea bandarini akakanyaga, pedeli ikenda chini kabisa. Akakanyaga tena, chini. Mbele watoto wa skuli wanavuka! Mama akaanza kupiga shahada kwa sauti. Kaka akavuta gia mpaka L, injini ikalia, akawa anaivuta handbreki kidogo kidogo, honi haiachi, kisha akaiegemeza gari ubavu kwenye ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Watoto salama, mama salama. Boti ilituacha.

Tukakaa pale, gari ikapoa. Kaka kakanyaga pedeli: ngumu, breki zipo. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana mwengine angesema zimepona akaendelea na safari. Fundi alipofungua, pini za kalipa za mbele zimeshika kutu, pedi zimesugua diski njia nzima, mafuta ya breki meusi tititi. Pedi 80,000, mafuta na kazi 40,000. Basi, hela hiyo tu ndiyo ingetuulia watu.

Wete_Juu
Allah kakuepusheni. Kilima kile nakijua.

FundiFuoni
Binti, mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishaingia maji huweza kushuka mpaka 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inakwenda chini. Ikipoa, breki zinarudi. Ndiyo maana mafuta hubadilishwa kila miaka 2 hivi hata kama hayajapungua.

Jangombe, usinunue kalipa kwanza. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, si ya beringi. Pistoni ya kalipa, inayosukuma pedi, isukumwe ndani. Ikirudi vizuri, kalipa ni nzima. Ikigoma, jaribu kubadilisha mipira yake ya ndani. Na utazame mpira wa breki wenyewe, ule mrija unaopeleka mafuta kwenye kalipa, ukiziba ndani nao huzuia pedi kuachia.

Baharia74
Mafuta yakipungua njiani tia ya steringi. Mie nimefika Makunduchi hivyo.

FundiFuoni
Usiwafundishe watu hayo! Mafuta ya steringi yanavimbisha mipira yote, ya masta inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, ya kalipa, ya silinda za nyuma. Nimempokea mteja aliyefanya hivyo, tukabadilisha kila kitu, bili ikapita laki nne.

Baharia74
Nilifika salama. Weye ungekuwa Jozani usiku ungefanyaje?

FundiFuoni
Ningelala garini.

BintiMkoani
Nyie wawili, kuna mtu kauliza suali.

Kizimkazi_Rav
Mie pedi za 25,000 ziliisha kabla ya Ramadhani na kula diski. Usukani ukawa unatetemeka kila nikikanyaga. Kuchonga diski mbili nilitoa 30,000. Kabla hujachonga, soma unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishafika hapo haichongwi, inatupwa.

MpembaDar
Msinunue spea visiwani. Agizeni Gerezani, ije na boti.

DukaDogo
Na kikija kisichokaa? Nani anarudisha? Nunua kwa mtu unayeweza kurudi dukani kwake kesho asubuhi.

MpembaDar
Wewe una duka, lazima useme hivyo.

DukaDogo
Nina duka, na kila wiki wananijia watu na spea za Dar zisizowakaa.

PradoYaMzee
Zile Prado zenye pampu ya breki ya umeme, ukisikia mlio mrefu kwenye dashibodi na taa nyekundu, simama hapo hapo. Mie nilitoa milioni na ushei kwa pampu ya mtumba. Kwa hiyo ukienda kununua gari, pima hilo kwanza kabla ya rangi na rimu.

MtuWaJangombe
Nimetoka gereji. Pini ya chini ilishikana, pistoni inarudi. Kazi na grisi 20,000, mafuta ya DOT 4 15,000. Haivuti tena. Ila mpira wa breki wa kushoto umeanza kuchanika, naupata wapi?

Kizimkazi_Rav
Anza Mwanakwerekwe. Chukua miwili, kulia na kushoto, na nenda na wa zamani mkononi.