Nipo fildi AMCOS ya kahawa Mbozi, wiki ya tatu sasa natumwa chai tu, nifanyeje?

Kahawa_Mbivu: Habari za jioni wadau. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, nipo fildi kwenye AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, huku Mbozi, wiki 8, hii ni ya tatu. Mpaka leo kazi yangu ni kutoa kopi, kuchemsha chai na kupeleka bahasha Vwawa. Siwalaumu sana maana msimu umechanganya, wakulima wanajipanga kwenye mzani toka asubuhi na mhasibu ni mmoja tu, kila nikimsogelea ananiambia subiri kidogo dada, na hiyo kidogo inafika saa kumi na mbili jioni. Kwenye daftari la fildi nimeandika "nimesaidia kazi za ofisi" siku tano mfululizo, roho inaniuma kwa sababu mama aliuza mahindi nipate kodi ya chumba huku. Nataka nitoke hapa najua kitu. Naanzaje bila kuonekana mjuaji?

Mnyalu_Kihesa: Pole mdogo wangu. Acha kuuliza "kuna kazi nisaidie?", mtu amebanwa halafu unamwongezea kazi ya kukutafutia kazi. Nenda na kitu ulichokiona kwa macho yako. Mimi fildi nilifanyia ghala la mbolea hapa Iringa, nikakuta vocha za kutolea mzigo zimejaa kwenye boksi la sabuni hakuna wa kuzipanga, nikamwambia stookipa naomba nizipange kwa tarehe, kila jioni kidogo kidogo. Akasema chukua. Wiki haijaisha, vocha yoyote ikitafutwa naulizwa mimi.

Tukuyu_Baridi: Ugonile dada. Kaa kwenye mzani kwanza, angalia wanavyochambua mbivu na mbichi kabla ya kupima, halafu fuatilia mzigo wa siku moja mpaka kwenye vichanja vya kuanikia. Kilo 5 hivi za mbivu ndo zinatoa kilo 1 ya kahawa ya ganda iliyokauka, kwahiyo siku mkipokea kilo 3,000 tegemea kama 600. Uhasibu wa kahawa unaanzia hapo, ukiijua hiyo hesabu hata mhasibu ataongea na wewe vingine.

mdau_Mwanjelwa: Chai usiiache lakini. Mimi chai ndo iliniingiza kila ofisi, unaweka kikombe unauliza swali moja unaondoka.

Mzee_wa_Mizani: Mwanangu, nimekuwa karani wa AMCOS miaka 11. Hela usiguse na usisaini popote, hata wakikubembeleza kwamba ni dakika mbili tu. La pili, ukikuta stakabadhi na leja hazilingani usiseme mbele ya wakulima, maana watu wataamini wameibiwa wakati mara nyingi ni kilo zimeingia mstari wa jirani. Mfuate karani akiwa peke yake. Wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, wakija wanataka hizo karatasi zisome sawa, ukizilinganisha mapema umembebea mhasibu mzigo mkubwa.

Kahawa_Mbivu: Shikamoo mzee, na wengine wote ndaga fijo, asanteni sana. Narudi na mrejesho. Jumatatu mzani ulipofungwa nilimwambia mhasibu naomba stakabadhi za wiki iliyopita nizilinganishe na leja, nikimaliza nakuonyesha wewe tu. Aliniangalia kwanza, akanipa bunda. Zilikuwa 214, tatu hazikulingana, moja bibi wa watu alileta kilo 64 kwenye leja zikaandikwa 46, yani kilo 18 zingempotea. Nikaanza kwa karani kama ulivyosema mzee, akashukuru kabisa, mhasibu akarekebisha akasaini. Leo kaniita mwenyewe ananifundisha makato ya pembejeo, nimejaza kurasa mbili za daftari! Sasa nimekwama hapa, kuna mama mkulima kaleta kahawa kwa jina lake ila mbolea ilichukuliwa kwa jina la mumewe, anakatwa nani?

Mzee_wa_Mizani: Marahaba mwanangu. Tafuta fomu ya mkopo wa mbolea uone nani alisaini, deni ni lake huyo. Muombe mhasibu hiyo fomu kesho kabla wakulima hawajajaa, na huyo mama usimkate chochote mpaka uione.