Nimeitwa kutengeneza huduma ya simu ya afya ya uzazi na mahusiano. Nianzie wapi?

Kijana wa Kihesa
Wakuu, habari za jioni. Nipo Iringa, naandika programu za simu, mpaka sasa nimefanya za maduka na vikoba. Kuna shirika linataka huduma ya vijana wa Iringa, Njombe na Mbeya: kondomu, uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, maumivu wakati wa tendo, yote. Wanasisitiza iwafikie hadi wasioona na viziwi. Mama mdogo anasema hiyo si kazi ya mtoto aliyelelewa kanisani. Mimi nawaza zaidi kazi yenyewe: nianze na programu ya smatifoni? Mliopita njia hii, naomba mwongozo.

Dada wa Uyole
Mdogo wangu, chukua. Nafanya kazi hii hii Mbeya na naipenda sana.

Mama mdogo usibishane naye, mwonyeshe utafiti wa taifa wa 2022-2023. Maambukizi ya VVU kwa wenye miaka 15 na kuendelea: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Hao ni waumini wenzake.

Smatifoni isubiri. Binti anayechuma chai Rungwe ana kitochi, na mara nyingi ni cha nyumba nzima. Anza na menyu ya kupiga kwa nyota na reli (* na #), maana akishafunga, majibu hayabaki kwenye simu. Meseji inabaki, na kaka mtu ataisoma. Ninapolazimika kutuma, naandika tu "Unakumbushwa miadi ya Alhamisi saa 3", bila dawa wala kliniki, na jina la mtumaji lisitaje afya. Meseji moja ni herufi 160, lakini ukibandika kutoka kwenye kompyuta ile alama iliyopinda ya "kung’amua", nafasi zinashuka hadi 70 na ujumbe unakatika vipande. Kagua kila sentensi.

Kuhusu wasioona: nilikaa Soweto ya hapa Mbeya na dada mmoja akijaribu programu fulani ya afya kwa kisoma-skrini, ile sauti inayomsomea kilichopo kwenye simu. Anagusa, simu inasema "kitufe, hakina lebo". Anagusa kingine, "kitufe, hakina lebo". Ikabidi amwite mtoto wa dada yake, wa darasa la tatu, amsomee jibu kuhusu kutokwa na uchafu ukeni. Niliumia mno. Kuandika lebo, yaani jina la kila kitufe, ni kazi ya dakika chache!

Viziwi wawekee video za Lugha ya Alama Tanzania. Wengi huenda kliniki na ndugu wa kuwatafsiria, siri inaishia hapo.

Na jina usiliulize. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usichokusanya hakiwezi kuvuja.

Nesi Njombe
Dada amemaliza, naongeza la kujipima. Tangu sheria ya UKIMWI irekebishwe mwaka 2019 mtu mzima anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe, na wa miaka 15 hahitaji ridhaa ya mzazi kupima. Ila majibu ni mistari kwenye kipimo, asiyeona atahitaji macho ya mtu. Weka sauti ya kumwongoza hatua kwa hatua, na njia ya kumpigia mhudumu anayemwamini yeye, si ambaye ndugu wamemchagulia. Mistari miwili ikitokea, tafadhali usiandike "una VVU". Andika "njoo kituoni tuthibitishe". Nimewapokea waliosoma lile neno peke yao usiku.

Kijana wa Kihesa
Asanteni sana, dada na nesi. Nina kikao nao Jumatatu. Niulize nini kwanza?

Dada wa Uyole
Nani analipia ile namba ya menyu. Mtumiaji asikatwe hata shilingi, kwa sababu salio likipungua mwenye simu ataanza kuuliza nani kapiga wapi. Wakisema mtumiaji ajilipie, wagomee hapo hapo.