Ulinzi shirikishi Dodoma: tulipe walinzi au kila kaya ikeshe zamu yake?

Mwana_Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi. Mitaa ya pembeni mwa Jiji iko kwenye swali lilelile: Nkuhungu, Nzuguni, Mkonze, Iyumbu, Miyuji. Nyumba zimeota kabla ya taa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Katikati ya nyumba zenye watu kuna mapagale na viwanja vyenye vichaka, na humo ndimo nondo, mabati na mitungi ya gesi hufichwa usiku ikisubiri mnunuzi.

Swali ni moja: kila kaya itoe hela tuajiri vijana, au kila kaya itoe mtu akeshe? Mimi nasimama na zamu. Ukishamlipa mlinzi, mtaa mzima unalala. Posho ikichelewa miezi miwili, anayejua kila komeo la mtaa wako ndiye mwenye njaa.

Hesabu_Kwanza
Zamu ni tamu mdomoni, iweke kwenye karatasi. Mtaa wa kaya 300, doria ya watu 8: kila kaya inafikiwa mara moja kwa siku 38 hivi. Nyepesi. Sasa toa wajane, wagonjwa, wauguzi na askari wenye zamu za kazini, na wapangaji wanaohama kila msimu. Zikibaki kaya 150, zamu inarudi kila siku 19, na hapo ndipo baba anaanza kumtuma mtoto wa miaka 15 akakeshe badala yake.

Njoo kwenye malipo. Walinzi 6 kwa posho ya 150,000 kwa mwezi ni 900,000. Kaya 300 zikitoa 3,000 inatimia, kwenye karatasi. Doria ya watu wanne, jozi mbili, saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, usiku 7, ni nafasi 28 kwa wiki. Walinzi 6 wakifanya usiku 5 kila mmoja wanatoa 30. Akiba ni mbili tu. Mmoja akiugua wiki nzima zinabaki 25, jozi inavunjika usiku tatu, na mtu mmoja peke yake na tochi si doria.

Kwa hiyo ajiri 7, mchango uwe 4,000. Zinaingia 1,200,000, posho 1,050,000, inabaki 150,000 ya betri, filimbi, vizibao vya kuakisi na makoti. Makoti msiyapuuze: baridi ya Dodoma ya Juni na Julai saa 9 usiku humvuta mlinzi kwenye jiko la mkaa, na mwizi anajua jiko liko wapi.

Sura_288
Mmeruka hatua. Hiyo 4,000 mtaidai kwa sheria ipi? Kijiji, chini ya Sura ya 287 (sheria ya serikali za mitaa, mamlaka za wilaya), kina halmashauri inayoweza kutunga sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna mamlaka hayo. Una kamati, una mwenyekiti, una mkutano, basi. Kijiji cha Bahi au Chamwino kinaweza kumtoza faini asiyekesha. Mtaa wa Nkuhungu hauwezi mpaka baraza la madiwani la Jiji litunge sheria ndogo, waziri aridhie, na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mwenyekiti anayetuma vijana wakabebe redio ya asiyelipa anawatuma kwenye kosa la jinai.

Mchango wa mtaa ni hiari. Hiari hukusanywa kwa risiti yenye namba, na mapato na matumizi husomwa mkutanoni. Mtaa usiosoma hesabu, watu huacha kulipa mwezi wa tatu.

Mama_Ipagala
Sheria, sheria. Sungusungu, zile doria za wananchi wenyewe, zilianza Musoma miaka ya sabini bila sheria yoyote na wezi walikoma. Wenzetu hawakusubiri Gazeti la Serikali. Na tusizungushane: ukitaka mtaa wa Dodoma utulie, bodaboda wafungiwe saa 4 usiku. Hao ndio wapiga ramani, wanaowachorea wezi nyumba za kuvunja. Nani mwingine anajua nani kasafiri na geti gani halina kufuli?

Sura_288
Mama, kwa heshima yote, sungusungu hazikuanza Musoma. Zilianza Usukumani na Unyamwezini, Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Na hazikubaki bila sheria: 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili zitambulike. Na yalikuwepo mauaji na mateso mikononi mwao. Polisi Jamii, yaani polisi kushirikiana na wananchi, ilikuja 2006 chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, ndipo neno ulinzi shirikishi likaenea mijini.

Kijiwe_Kizota
Mama, mimi hayo ya Shinyanga siyajui, najua hilo la wapiga ramani. Mkuki kwa nguruwe. Saa 8 usiku muuguzi akitoka zamu anapanda nini? Mgonjwa wa Ntyuka anafikishwa hospitali na nani? Kijiwe kilichopangwa kina daftari: jina, namba ya leseni, namba ya usajili wa pikipiki, mmiliki na simu yake, wadhamini wawili, namba ya kizibao. Walinzi wenu wa 150,000 wana daftari lenye wadhamini? Mnamwokota kijana, mnampa rungu, na kesho mnashangaa.

Mama_Ipagala
Mwanangu, daftari lipo, sikatai. Deiwaka, yule dereva wa kushikizwa chombo, yumo? Mwenye pikipiki anaendesha mchana, usiku anampa mwingine, kizibao kinapita mkono kwa mkono. Namba 14 ya saa 6 mchana si mtu yuleyule wa saa 6 usiku. Mtu akiporwa anaitaja 14, polisi wanamkamata aliyekuwa amelala nyumbani kwake.

Kijiwe_Kizota
Hilo ni kosa la mmiliki anayetaka hesabu, yaani hela ya chombo, ya mchana na ya usiku. Si la vijana wote wa Kizota.

Mwana_Nkuhungu
Wakuu, swali lilikuwa zamu au malipo.

Mzee_wa_Makole
Zamu au malipo, yote bure. Mnakamata leo, keshokutwa mwizi anakupita sokoni Sabasaba anakusalimia kwa jina. Polisi wanawaachia. Hapo ndipo vijana wanachukua tairi na kiberiti.

Dawati_la_Maelezo
Mzee shikamoo. Wengi huachiwa kwa sababu ya kinachofanyika katika nusu saa ya kwanza baada ya kukamatwa, na hapa doria nyingi huharibu.

Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ofisi ya mtaa si mahabusu. Ukimfungia humo hadi asubuhi, kesi imehamia kwako. Kwenye makabidhiano yanatakiwa mambo ambayo doria haibebi. Kwanza, aliyemwona akitenda aende mwenyewe kituoni, aandike maelezo usiku huohuo, apate namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi) na kuinakili kwenye daftari la doria. Wanaenda vijana kumi, wote wamefika baada ya filimbi, hakuna hata mmoja aliyeona. Pili, mali iachwe ilipo, mmoja abaki kuilinda, askari aikamate mwenyewe, aandike hati ya ukamataji na shahidi asaini. Televisheni iliyopita mikono sita kutoka kwenye pagale hadi kituoni, mahakamani itasemwa nani aliikuta wapi? Tatu, mwenye mali aitambue kwa alama. Kusema "ni nyeusi, inchi 43" hakumtoshi hakimu. Piga picha ya namba ya siri iliyo nyuma ya televisheni siku unayoinunua, chonga herufi zako chini ya mtungi wa gesi na kwenye pampu ya maji.

La nne ndilo linaloua kesi nyingi: mtuhumiwa amepigwa. Anahitaji PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na hospitali kabla ya maelezo, kesho wakili anauliza alikiri kabla au baada ya kipigo. Halafu tarehe ya kesi inafika, shahidi wa doria amehama au amekosa nauli. Wekeni nauli ya mashahidi kwenye bajeti ya mtaa, inafaa kuliko filimbi ya kumi.

Mzee_wa_Makole
Kwa hiyo mwizi apelekwe kwa mkono laini? Wewe unatetea wezi. Mtu kavunja nyumba ya mjane, kabeba hadi unga, unaniambia wakili atauliza.

Dawati_la_Maelezo
Mzee, nampigania huyo mjane. Aliyepigwa na kuachiwa atarudi kwake, akiwa na hasira. Aliyefungwa harudi mpaka amalize kifungo.

Hesabu_Kwanza
Nauli ya mashahidi nimeikubali, iingie kwenye ile 150,000 kabla ya makoti. Na wanunuzi wa vyuma chakavu? Doria ipite kwao mchana na polisi kata, wakague kama wanaandika muuzaji, kitambulisho, uzito na aina ya chuma. Nyaya za shaba zilizochomwa maganda hazitoki kwenye takataka za nyumbani. Mnunuzi akibanwa, pagale halina kazi.

Mama_Ipagala
Na vyuma hivyo vinabebwa na nini usiku? Guta au bodaboda. Nimerudi palepale.

Kijiwe_Kizota
Sawa Mama, tuelewane kwa maandishi. Daftari la kijiwe liwe nakala tatu: moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kwa polisi kata, moja kijiweni. Deiwaka aandikwe ukurasa wake, saa ya kuchukua chombo na saa ya kurudisha, na kizibao chake kiwe cha rangi nyingine, asivae cha mwenye chombo. Asiyeandikwa hapaki kijiweni. Kila usiku vijana wawili wa kijiwe wawe na namba za simu za doria. Pikipiki ngeni ikizunguka mtaa mara tatu bila abiria, wanapiga.

Mama_Ipagala
Namba ya kizibao iwe kubwa, isomeke kwa mwanga wa simu, mgongoni na kifuani. Na ukurasa wa deiwaka mtendaji aukague kila Jumatatu, siyo siku mtu ameporwa. Mkifanya hivyo nafuta neno la kuwafungia saa 4.

Kijiwe_Kizota
Na la wapiga ramani?

Mama_Ipagala
Hilo silifuti mpaka nilione daftari.

Kijiwe_Kizota
Basi na sisi mchango wa ulinzi hatutoi mpaka ulifute. Tuko 22, kwa 4,000 mfanye hesabu wenyewe.

Hesabu_Kwanza
88,000. Zaidi ya nusu ya posho ya mlinzi mmoja. Mama, tafadhali.