Naanza kukimbia, wiki ya tatu naacha. Hii ni mara ya tano, nisaidieni

Magoti Mawili

Wakuu, salaam.

Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa, na ngazi za kazini siku hizi zinanitoa jasho. Tangu mwaka jana nimeanza kukimbia mara nne, na mara zote nne nimeishia wiki ya tatu. Msiseme uvivu, maana wiki ya kwanza huwa natoka kila siku kama nadaiwa. Naondoka kwa kasi, dakika ya nne kifua kinawaka, ya sita kichomi kinanishika ubavuni, ya nane nimeinama nimeshika magoti natema mate. Kesho yake narudia hivyo hivyo. Wiki ya pili ugoko wa miguu yote miwili unaanza kuuma. Wiki ya tatu kengele ikilia natafuta sababu: mawingu, soksi mbichi, chochote.

Safari hii nilianza Jumatatu. Leo Alhamisi, na tayari nimeshaanza kuchungulia mawingu.

Nyie mnaokimbia miaka nenda rudi, hamu mnaitoa wapi? Nimeweka hadi picha ya Kipchoge kwenye simu, wapi!

Kobe wa Jioni

Mkuu, kabla ya hamu nijibu hili: ukiwa mbioni unaweza kumsimulia mtu kisa, au unaishia "ee", "mmh"?

Magoti Mawili

Kisa tena? Hata mate simezi vizuri.

Kobe wa Jioni

Basi hamu unaionea bure. Unakimbia mashindano kila asubuhi peke yako, halafu unashangaa mwili unagoma kuamka. Nani anaamka kwa furaha kwenda kuteswa?

Punguza mwendo mpaka uone aibu. Sitanii, mpaka anayetembea kwa haraka akukaribie. Kipimo chako ni mdomo: sema sentensi ndefu kwa sauti, ikikatika katikati, tembea. Kwa sasa kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara saba au nane, halafu rudi nyumbani ukiwa bado unatamani kuendelea. Hapo pa kurudi ukiwa bado unatamani ndipo wengi tunapokosea. Tunataka turudi hoi ndiyo tuamini tumefanya kazi. Wiki ikienda vizuri, ongeza dakika za mbio na upunguze za kutembea, kidogo kidogo.

Na usijione mnyonge kwa kutembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, ndiye aliyeipa umaarufu njia hii ya kuchanganya, na watu wanamaliza maratoni nzima kwayo. Hata huyo uliyemweka kwenye simu, aliyemaliza maratoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, sehemu kubwa ya mazoezi yake ni mbio nyepesi.

Niliacha Zamani

Mimi niliacha na usingizi wangu ni mzuri sana. Nawasalimu tu.

Mama Pumzi

Mwanangu, mimi naongelea huo ugoko. Pumzi inazoea haraka, wiki chache unaona tofauti. Mifupa na kano zinachelewa, zinataka miezi. Kwa hiyo unafika mahali kifua kinasema twende na miguu inasema bado, na wewe unamsikiliza kifua. Acha kukimbia kila siku. Siku tatu kwa wiki, na katikati siku ya kupumzika, kwa sababu mfupa unajijenga wakati umepumzika.

Maumivu yakitambaa kwenye ugoko na kupoa ukipumzika, punguza tu. Lakini ukiweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, mahali pamoja tu, na yanauma hata ukitembea au umelala, simama uende kwa daktari, huenda mfupa umepata ufa. Vile vile kifua kikibana au kizunguzungu kikija, usisubiri ushauri wetu.

Viatu viache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana mguu huvimba kidogo ukikimbia. Kichomi kikija, tembea, toa pumzi ndefu, bonyeza pale panapouma. Na usile ukashiba halafu ukatoka.

Kona ya Tatu

Nampinga Kobe kidogo. Mwendo wa polepole sawa, lakini kuna asubuhi hata huo wa polepole huutaki, na mimi asubuhi hizo ni nyingi. Kilichoniokoa ni jirani yangu. Saa kumi na mbili kasorobo anasimama kwenye kona na simu yake ameiacha ndani. Siwezi kumtumia ujumbe kwamba leo siji. Nikibaki kitandani namwona kabisa kichwani, anaruka ruka pale akipasha miguu. Miaka miwili sasa natoka kwa aibu tu, hamu huwa inanikuta njiani.

Kama huna jirani wa hivyo, jiahidi dakika kumi. Zikiisha na bado hutaki, geuza, hakuna kesi. Mimi nimegeuza mara mbili tu.

Soksi mbichi: nunua jozi tatu.

Magoti Mawili

Kobe, yaani nitembee mbele za watu na viatu vya mbio miguuni? Haya, najaribu.

Magoti Mawili (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi. Wiki ya tatu imepita na sikuiona ilivyopita. Sasa nakimbia dakika tano, natembea moja, mara nne. Juzi mzee mmoja alinisalimia barabarani, nikamjibu, nikamuuliza hali ya nyumbani, na yeye akaniuliza, yote hayo sijasimama. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kile kipimo cha mdomo. Picha ya simu nimeitoa, nimeweka ya wanangu.

Ugoko umetulia. Ila ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia umekuwa mweusi. Ni kawaida?

Mama Pumzi

Viatu hivyo ulivipima kama nilivyokuambia?

Magoti Mawili

Ni vile vile vya zamani, mama.

Mama Pumzi

Haya.