Mikoko imepandwa pale wanapookota kombe. Akina mama waende wapi?

MuuzaDagaa_Mbuyuni:
Wadau, nauza dagaa soko la Mbuyuni hapa Moshi, ila nimeolewa Tanga, kijiji cha pwani. Mama mkwe na wenzake huokota kombe na tondo, wale wadudu wa magamba wa kwenye tope, maji yakitoka, hasa bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi. Sasa umekuja mradi, wamepanda miche ya mikoko tope lote lililokuwa wazi, wakazungushia kamba, wakaweka mlinzi. Mama akivuka anaambiwa anaharibu mazingira. Ndoo ile ndiyo mboga ya nyumbani, ndiyo madaftari ya wajukuu! Na si kwamba mama anaichukia mikoko, tondo wenyewe wanakaa humo. Kinachoniuma ni kwamba hakuulizwa. Huku Uchagani huwezi kugusa mfereji wa kumwagilia bila wenye zamu kukaa kwanza.

MzeeMchu:
Pole, mwanangu. Nimefanya kazi za misitu ya pwani. Muulize mama jambo moja: pale zamani palikuwa na mikoko? Mkoko hutaka mahali panapokauka saa nyingi kuliko panavyofunikwa na maji. Ufilipino walipanda sana kwenye tope la chini namna hiyo, miche mingi ikafa. Unakosa mikoko, na kombe umeshawafukia.

MuuzaDagaa_Mbuyuni:
Nimempigia. Anasema hata bibi yake alikuta tope tupu. Mikoko iliyokatwa iko upande wa pili wa mkondo, walikochimba mashamba ya chumvi.

MzeeMchu:
Basi huko ndiko kwa kurudisha. Wabomoe yale matuta ya chumvi, maji yaingie na kutoka. Mara nyingi mbegu huja zenyewe na maji, hata bila kupanda.

Njiro_Sheria:
Dada, mikoko ya Tanzania Bara iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Upande wa uvuvi kuna BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi wa ufukweni. Waokota kombe wajiunge huko, maana mara nyingi anayehesabiwa mvuvi ni mwenye chombo tu. Gambia, mwaka 2012, akina mama wa chama cha TRY walipewa na serikali haki ya peke yao ya kuvuna chaza na kombe eneo la Tanbi, lenye mikoko. Wanafunga msimu, na mikoko wanapanda wao wenyewe.

MuuzaDagaa_Mbuyuni:
Asanteni sana. Nashuka Tanga kabla ya bamvua ijayo, tuchore ramani na akina mama: kombe wapi, tondo wapi, chumvi wapi. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji au twende moja kwa moja wilayani?

Njiro_Sheria:
Anzeni kwa mtendaji. Nakala agonge muhuri, mbaki nayo.