Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama The Fat Duck

Habari zenu ndugu zangu. Mama anakuja Uingereza kutoka Tanga mwezi ujao, anatimiza miaka 60, nami nataka kumpeleka The Fat Duck, mkahawa aliouanzisha mpishi Mwingereza Heston Blumenthal kijijini Bray mwaka 1995. Kinachonivuta ni kile chakula chao maarufu cha baharini: unaletewa ganda kubwa la kombe lenye visikilizio ndani, unasikiliza mawimbi huku unakula samaki juu ya "mchanga" unaolika, wenye tapioka (wanga wa muhogo). Mama kazaliwa ufukweni, babu alikuwa mvuvi. Natamani kuuona uso wake akiisikia bahari akiwa mbali na kwao.

Waliowahi kwenda, bado kipo kwenye menyu? Mama hali nguruwe wala chochote chenye pombe, na kamba humvimbisha midomo. Malipo hutangulia, kwa hiyo niwaeleze hayo siku ngapi kabla? Mchuzi wenye mvinyo huwa wanaubadilisha kweli? Halafu mtu aliyezoea sinia la wali, atazivumilia saa zote zile za kuletewa vyakula vidogo vidogo, tonge mojamoja? Yeye hula kwa mkono, nisingependa ajione mgeni pale mezani.